Fadhili: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Maana na Asili ya Neno

Maswali yaliyo hapa chini nimeulizwa darasani, kanisani, msikitini na mara nyingine ndani ya teksi ya Kampala, ile ambayo jirani zetu wa Tanzania huiita daladala. Waulizaji ni watu wanaojifunza Kiswahili wakiwa tayari wanazungumza Kiganda, Kisoga, Kinyankore au Kiacholi, na kwa sababu hiyo majibu yanagusa lugha hizo pale inapobidi.

Neno "fadhili" lina maana gani hasa?

Fadhili ni wema anaotendewa mtu na mwenzake ambaye hakuwa na wajibu wa kumtendea. Anayekurudishia fedha ulizomkopesha hajakufadhili, kwa kuwa amelipa deni tu. Lakini jirani anayemlipia mwanao ada ya shule, ilhali hana undugu nawe wala mkataba, huyo amekufadhili. Neno hilo hutumika kama kitenzi, kwa mfano "alimfadhili yatima", na pia kama nomino, ambapo kwa kawaida huja katika wingi: "fadhili zake", "fadhili nyingi". Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanalifahamu kutoka Zaburi ya 136, ambayo katika kila moja ya aya zake 26 hurudia kwamba fadhili za Mungu ni za milele.

"Fadhila" ni pacha wake. Wengi hutumia maneno haya mawili kwa kubadilishana, ingawa sikio langu husikia katika "fadhila" tendo moja linaloweza kuhesabiwa na kukumbukwa, na katika "fadhili" tabia nzima ya mtu. Sitagombana na anayesikia tofauti.

Neno hili limetoka wapi?

Limetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi wa konsonanti tatu ambazo kwa herufi zetu tungeziandika f, dh na l. Maana ya msingi ya mzizi huo ni kuzidi au kubaki baada ya kiasi kinachotosha. Kilichosalia katika sahani baada ya watu kushiba, maji yaliyobaki baada ya mtu kutawadha, sifa inayomfanya mtu awapite wenzake: yote hayo Kiarabu huyaeleza kwa mzizi huo. Kutoka hapo, "fadhl" ikawa wema unaozidi kile mtu anachostahili kupewa. Katika Kurani, Sura ya 62, aya ya 10, waumini wanaambiwa kwamba sala ya Ijumaa ikimalizika watawanyike na kutafuta fadhila za Mwenyezi Mungu, na wafasiri wengi wanaeleza kwamba hapo inakusudiwa riziki, yaani kile ambacho Mungu humpa mja kwa ukarimu wake.

Ukiushika mzizi huo mkononi, maneno kadhaa ya Kiswahili yanafunguka kwa pamoja. "Afadhali" imetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya bora zaidi, yaani kilichozidi kingine kwa ubora. Ndiyo maana tunasema "afadhali nusu shari kuliko shari kamili". "Mfadhili" ni mtenda fadhili na "mfadhiliwa" ni mtendewa. "Tafadhali" nayo ni amri ya Kiarabu inayomtaka mtu awe mwenye fadhili, na nitairudia baadaye kwa sababu safari yake ina kituko ndani yake.

Je, "mfadhili" limetokana na "fedha"?

Hapana. Swali hili huulizwa kwa mzaha, lakini wapo wanaoamini hivyo kwa dhati, na siwalaumu, kwa kuwa mfadhili anayetajwa katika magazeti karibu kila mara ni shirika au serikali yenye hela. "Fedha" ilitokana na jina la Kiarabu la madini ya fedha, yale ambayo sarafu zilitengenezwa kwayo. Maneno haya mawili yanashirikiana f na dh. L ya "fadhili" haimo kabisa katika "fedha". Maskini anaweza kuwa mfadhili.

Kuna neno jingine ambalo linafaa zaidi kuwekwa kando ya "fadhila", nalo ni "faradhi". Mizizi yake ni tofauti, kwani katikati ya "faradhi" kuna r, lakini kwa maana maneno haya hutazamana kama kingo mbili za mto. Faradhi ni jambo ulilolazimishwa, usipolitenda una lawama. Fadhila ni lile lililo juu ya lazima. Mwanafunzi anayechanganya maneno haya katika barua atakuwa amemwambia mhisani wake kwamba msaada aliotoa ulikuwa ni deni juu yake.

Kwa nini wengine husema "fazili", na wengine huandika "fadhiri"?

Sauti ya dh haimo katika Kiganda wala katika lugha nyingi za Kibantu za Uganda, kwa hiyo ulimi huikimbilia z, kama unavyosikia pia kwa wasemaji wengi wa Kongo: "tafazali", "feza". Kiswahili chenyewe kilikwisha kufanya jambo kama hilo kwa Kiarabu. Konsonanti iliyo katikati ya "fadhl" ni ile nzito ambayo Waarabu wameifanya fahari yao hata wakaiita lugha yao kwa jina la herufi hiyo, na sisi tumeilainisha, tukaiweka katika dh moja pamoja na konsonanti nyingine mbili tofauti za Kiarabu. Basi Mganda anayesema "fazili" amepiga hatua moja zaidi kwenye njia ambayo watu wa pwani waliianza. Katika maandishi rasmi, hata hivyo, andika dh.

Ile r ya "fadhiri" ni kanuni ya Kiganda iliyovuka mpaka. Katika Kiganda, l hugeuka kuwa r ikitanguliwa na irabu e au i: "omulimu" ni kazi moja, "emirimu" ni kazi nyingi. Mtu aliyelelewa na kanuni hiyo akiona i kabla ya l katika "fadhili", mkono wake huandika r bila kumwuliza. Ukishajua chanzo, kosa hili hurekebishika kwa wiki moja.

Kwa nini mtu asiye na shukrani huambiwa "hana fadhila"?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote. Kwa mantiki ya kamusi, "hana fadhila" ingepaswa kuwa ni mtu asiyewatendea wengine wema. Lakini Mswahili akisema "Nimemlea, nimemsomesha, leo hanijui, kweli hana fadhila", anazungumza juu ya aliyetendewa wema akausahau. Neno moja limebeba pande mbili: kutoa na kukumbuka ulichopewa. Vivyo hivyo tunasema "kulipa fadhila", ingawa kitu kilichotolewa bila deni, kwa hesabu kavu, hakilipiki.

Ugumu huo lugha haikuuficha, bali iliutafutia maneno. Upande wa mpokeaji unadaiwa kumbukumbu, na upande wa mtoaji unakatazwa kuidai. Mtoaji anayemkumbusha mwenzake kila siku yale aliyomtendea anaitwa msimbulizi, na tendo lake ni kusimbulia au kusimanga. Kurani, katika Sura ya 2, aya ya 264, inaonya kwamba masimango na maudhi huibatilisha sadaka. Kwa hiyo jamii ya Waswahili inatarajia mambo mawili kwa wakati mmoja: mpokeaji asisahau kamwe, na mtoaji afanye kana kwamba amesahau. Nimeishi muda wa kutosha kujua kwamba jambo la pili ni gumu kuliko la kwanza.

Kuna tofauti gani kati ya fadhili, wema, hisani, ukarimu na huruma?

"Wema" ndilo pana kuliko yote, na ni la Kibantu tangu mwanzo: kiambishi u- kimekutana na mzizi -ema, ule ule wa "mtu mwema", "habari njema", "jambo jema" na "mahali pema". Mtu anaweza kuwa mwema akiwa peke yake chumbani. Fadhili zinahitaji watu wawili.

"Huruma" ni hali ya moyoni. Ikikaa humo bila kutoka, haijawa fadhili.

"Ukarimu" ni utayari wa kutoa, hasa chakula, nafasi na muda, na hushirikiana mzizi na "karama". Wanafunzi wengi huliunganisha na "karibu" kwa kuwa mkarimu ndiye anayekaribisha, lakini "karibu" ina asili nyingine ya Kiarabu, yenye maana ya kuwa si mbali.

"Hisani" iko karibu sana na fadhili, na mara nyingi unaweza kuweka moja mahali pa nyingine. Mzizi wake wa Kiarabu unahusu uzuri na ubora kwa pamoja, na ndani yake mna majina Hassan, Hussein na Muhsin. Sura ya 55, aya ya 60, inauliza kama malipo ya ihsani si ihsani. Siku hizi neno hili limepata kazi nyembamba chini ya picha za magazeti, "kwa hisani ya" fulani, na sipendi kuliona limeishia hapo.

Kwa anayependa kuona maneno haya yakifanya kazi bega kwa bega, tafsiri ya Biblia iitwayo Union Version, katika Wagalatia 5:22, inataja "utu wema" na "fadhili" mfululizo katika orodha ya tunda la Roho. Wafasiri wasingeyaweka yote mawili kama wangeyaona kuwa kitu kimoja.

Je, "ekisa" ya Kiganda ndiyo fadhili ya Kiswahili?

Inakaribia, lakini mipaka haifanani. "Ekisa" inakusanya huruma, rehema, neema na upole wa kutenda, kwa hiyo kulingana na sentensi utaitafsiri kwa neno hili au lile. Kanisani, "ekisa kya Katonda" ni neema au rehema ya Mungu. Jirani aliyekubebea mzigo ni "wa kisa", na hapo mwema au mwenye fadhili linafaa. Na katika redio za Kiganda, mgonjwa anayehitaji gharama za upasuaji anapoombewa msaada, tangazo huwaita "abazirakisa", yaani wenye moyo wa kusaidia. Neno hilo lina ekisa tumboni mwake, na Kiswahili chake hasa ni wafadhili au wahisani.

Mtego mkubwa uko katika kufanana kwa umbo. Mtu akiondoa irabu ya mwanzo, kama tunavyofanya na maneno mengi tunapovuka kutoka Kiganda kwenda Kiswahili, atapata "kisa", na Kiswahili kina "kisa" chake, kilichotoka katika neno la Kiarabu la hadithi, chenye maana ya tukio, habari au sababu. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuandika "Mungu ana kisa kikubwa na sisi". Yeye alikusudia rehema. Msomaji wa Dodoma angekaa kitako akisubiri kusimuliwa kisa chenyewe, na pengine angeanza kuhofu kwamba Mungu ana jambo na Waganda.

Lugha nyingine za Uganda nazo zina maneno yake. Kinyankore na Kikiga husema "embabazi". Kiacholi kina "kica", inayotamkwa "kicha", yaani huruma, na "timo kica" ni kusamehe, maneno ambayo Kaskazini yalisikika sana baada ya Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000, wakati waasi waliokuwa porini walipokuwa wakipokewa nyumbani.

Basi "obuntubulamu" tuitafsiri vipi?

Tahadhari, kwa sababu hapa tafsiri ya neno kwa neno inachekesha. "Obuntu" ni utu, hakuna shida. "Bulamu" imetokana na -lamu, inayomaanisha -zima: aliye hai, mwenye afya, asiye na kasoro. Ukiunganisha kwa uaminifu utapata "utu uzima", na utu uzima kwa Kiswahili ni umri wa mtu aliyekwisha kukua. Mganda atakuwa anasifu adabu, wema na uungwana wa kijana wa miaka 12, na Mswahili atashangaa mtoto huyo amezeeka lini.

Ninapendekeza "utu", peke yake. Neno hili fupi linabeba mzigo wote, nalo ni ndugu wa damu wa "obuntu". Anayetaka kufafanua anaweza kusema "utu na uungwana". Fadhili ni sehemu tu ya obuntubulamu, kwa kuwa obuntubulamu unajumuisha pia namna ya kusalimia, kupiga magoti mbele ya wazee, kujizuia kusema ovyo na kutoaibisha ukoo.

Neno hili lilifikaje Uganda?

Lilikuja na misafara. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walifika katika kasri la Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, Suuna wa Pili katika miaka ya 1840, na chini ya mwanawe, Mutesa wa Kwanza, Kiswahili kilikuwa lugha ya kuzungumza na wageni na ya kusomea dini. Mvumbuzi Henry Morton Stanley alipopita mwaka 1875 alimwacha pale Dallington Maftaa, kijana aliyekuwa amesomeshwa na wamisionari Unguja, ambaye aliendelea kumsomea Kabaka Maandiko. Wamisionari wa kwanza wa Kiingereza nao walianza kazi kwa Kiswahili kabla ya Kiganda kuandikwa vya kutosha.

Baadaye lugha ilichukua njia nyingine, na njia hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini maneno kama fadhili hayakuota mizizi mirefu mjini Kampala. Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi la kikoloni, kikabaki kuwa lugha ya jeshi na polisi. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilikitangaza kuwa lugha ya taifa. Misako ya miaka ya mwanzo ya 1980 watu wa Kampala huiita mpaka leo "panda gari", kwa sababu hayo ndiyo maneno waliyoambiwa. Familia nyingi za Buganda zilijua "simama", "kaa chini" na "lete kitambulisho" muda mrefu kabla ya kusikia mtu akisema "nifadhili". Wazazi waliowakataza watoto wao Kiswahili hawakuwa na chuki na sarufi. Walikuwa hawajawahi kukutana na lugha hiyo ikiwa imevua magwanda.

Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Watoto wanaokisoma sasa wanaanzia kwenye salamu.

Kwa nini "tafadhali" haisikiki sana, hata kwa wanaojua Kiswahili vizuri?

Kwa sababu Kiswahili kina njia nyingine za kuomba zilizo za kawaida zaidi. Ukienda dukani utasema "naomba maji" au "nipatie sukari", na sauti yako itafanya kazi iliyobaki. Kitenzi kikiwekwa katika hali ya "unisaidie" badala ya "nisaidie" tayari kimelegeza amri. "Tafadhali" huongezwa pale ombi linapokuwa zito, au anayeombwa anapokuwa mgeni au mkubwa, na mara nyingi sana katika matangazo ya maandishi. Kiganda nacho hupendelea "nsaba", "mwattu" na "bambi", maneno yanayolainisha ombi bila kuwa na kazi moja maalumu.

Kituko nilichokiahidi ni hiki. Kwa Waarabu, neno lililozaa "tafadhali" hutumiwa hasa na mwenyeji anapompa mgeni kiti, chakula au nafasi ya kupita mlangoni. Ni neno la mtoaji. Sisi katika nafasi hiyo tunasema "karibu", na neno lenyewe tumelikabidhi kwa mwombaji. Mwarabu husema tafadhali akitoa, Mswahili husema tafadhali akitaka.

Zipo methali zinazotumia neno hili?

Zipo, na nyingi zina uchungu. "Fadhili za punda ni mateke" humlenga aliyelipa wema kwa maudhi. "Mfadhili mbuzi utakunywa mchuzi, binadamu ana maudhi" huenda mbali zaidi, kwani inamshauri mtu kabisa kwamba mnyama ana faida kuliko mwenzake. Upande wa pili iko "Hisani haiozi", na "Tenda wema nenda zako", ambayo inarudisha ile kanuni ya kutosimbulia. Mimi huwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza ile ya punda kwa sababu hawaisahau.

Fadhili ni jina la mtu?

Ndiyo, hasa la wanaume. Kwa Waganda jina lenye wazo linalokaribiana ni Kisakye, yaani ekisa chake, kwa maana ya Mungu, na Magharibi mwa Uganda ni Mbabazi.

Nikifadhiliwa, nijibu nini?

"Asante" inatosha, nayo ni ndugu wa "hisani": kwa Kiarabu ni sentensi nzima yenye maana ya "umetenda vyema", na wale wanaoiandika "ahsante" wanaihifadhi h ya asili. Kwa watu wengi sema "asanteni". Kwa jambo kubwa zaidi ongeza "sina cha kukulipa", ambayo kila mtu anajua kuwa ni heshima.

Wanafunzi wangu Waganda huuliza pia aliyeshukuriwa ajibu nini, kwa sababu kwao jibu lipo tayari: ukisema "weebale", unaambiwa "weebale kusiima", yaani asante kwa kuthamini. Hufurahi sana wanapogundua kwamba hapa hawana cha kujifunza upya. Mswahili naye hujibu "asante kushukuru".